MALI YA MWENZETU ILIYOCHELEWA NJIANI

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo



Tume yetu inapowaita hapa, kwa kawaida mnategemea kusikia habari za mipaka ya mashamba, mirathi, rushwa au haki za wajane. Hayo ni mambo mazito, nasi tutaendelea kuyasema. Leo tumechagua jambo ambalo kwa macho ya wengi ni dogo. Mtu amenunua kitu kwa muuzaji wa mtandaoni. Kitu hakikufika, naye akadai na kurudishiwa fedha yake yote. Baada ya miezi kadhaa kitu kile kile kikatokea posta. Je, yampasa kufanya nini?

Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, limetupata sisi wenyewe, na tulikaribia sana kulitenda vibaya. Ya pili, vijana wetu siku hizi hununua na kuuza kwa simu karibu kila juma, na wapo wanaodhani kwamba soko lisilo na meza wala mizani halina haki ndani yake. Dhana hiyo ni ya hatari, na yatupasa kuisahihisha mapema.

1. Yaliyotupata

Wengi wenu mnakifahamu kikundi cha ushonaji cha akina mama 14 wa parokia yetu. Baadhi yetu wajumbe wa Tume ni wanachama wake. Kikundi kina cherehani za zamani za kuzungusha kwa mkono, imara sana, lakini vipuri vyake ni adimu madukani. Mwezi Januari 2023 tulimpata muuzaji mmoja nchini Uingereza aliyekuwa navyo. Tulilipa kwa kadi ya benki ya mwanachama mmoja paundi 46, yaani paundi 34 za vipuri na paundi 12 za usafirishaji.

Februari ilipita, Machi ikapita. Kila tulipofungua sanduku la posta tulikuta halina kitu. Mwisho wa Aprili tulimwandikia muuzaji kwamba mzigo haukufika na kwamba tunaomba fedha yetu. Hakubishana nasi. Katika juma lile lile alirudisha paundi zote 46, pamoja na zile 12 ambazo yeye alikwisha kuzilipa posta ya kwao. Tulimshukuru. Sehemu ya fedha ile tulinunulia nyuzi, na sehemu tulimpelekea mwenzetu aliyekuwa amelazwa hospitali.

Katikati ya Julai mtumishi wa posta alitupa karatasi ya kuchukulia kifurushi. Kilikuwa ni kile kile cha Januari. Tulipotazama anwani iliyobandikwa juu yake tuliona kwamba tarakimu mbili za namba ya sanduku letu zilikuwa zimebadilishana nafasi. Tulikwenda kutazama agizo tuliloliandika wenyewe. Kosa lilikuwa letu. Kwa miezi sita kifurushi kilikuwa kikimtafuta mtu asiyekuwepo, hadi mtumishi mmoja mwangalifu alipolitambua jina la kikundi.

Tuliitisha mkutano. Maoni yaliyotolewa hayakuwa mazuri yote, na hatuoni haya kuyasema hapa, kwa kuwa kila mmoja wenu angeweza kuyatoa. Mmoja alisema ni bahati, na bahati haiulizwi. Mwingine alisema muuzaji amekwisha kusahau. Wa tatu akaongeza kwamba kifurushi kilikuwa cha kawaida, kisicho na namba ya kufuatilia, kwa hiyo yule bwana asingejua kamwe. Vipuri vilikuwa vimekwisha kuwekwa mezani, na mafundi wawili walikuwa wanavitazama kwa hamu.

Ndipo mama mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, alipouliza: “Na yale mashuka ya Mwanza?”

Mkutano ulinyamaza. Mwaka 2021 kikundi kilimwuzia mteja wa Mwanza mashuka ya kudarizi, tukayatuma kwa basi. Mteja alitupigia simu kwamba hakuyapata. Tulimrudishia shilingi 120,000 kwa simu, ijapokuwa ilikuwa kazi ya mikono yetu ya majuma mengi. Mwezi uliofuata tulikwenda ofisi ya basi kuulizia mzigo uliopotea. Tulioneshwa daftari: mzigo ulichelewa siku 10, kisha ukachukuliwa na mteja yule yule, na sahihi yake ilikuwepo. Tulimpigia. Hakupokea simu siku ile, wala siku zilizofuata. Tangu hapo tulikuwa tukimtaja kuwa ni mwizi.

Sasa sisi tulikuwa tumekaa mahali alipokaa yeye.

2. Kwa nini fedha ile si yetu

Tuanze na mzizi wa jambo. Ununuzi ni ahadi ya pande mbili: mmoja anatoa mali, mwingine anatoa thamani yake. Kila upande unatoa ili upate. Wataalamu wa maadili huiita haki ya kubadilishana, na sharti lake ni usawa kati ya kinachotolewa na kinachopokelewa. Mali isipofika, usawa umevunjika, na muuzaji anaurejesha kwa kurudisha fedha. Mali ikifika baadaye, usawa umevunjika tena, safari hii kwa upande wa pili: mnunuzi ana mali na ana fedha, muuzaji hana lolote kati ya hayo mawili. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, aliliweka tendo la kurudisha kitu cha mtu moja kwa moja chini ya haki hiyo ya kubadilishana. Maana yake ni kwamba kurudisha si ukarimu wala si sadaka. Ni deni.

Sheria za nchi nazo zinaelekea huko huko. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka mtu aliyelipwa fedha au kukabidhiwa kitu kwa makosa akirudishe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inatambua kwamba mkataba haupotezi nguvu kwa sababu tu umefanyika kwa njia ya kielektroniki. Hivyo asitokee mtu kusema kwamba mambo ya mtandaoni ni mchezo.

Kuna waliosikia kwamba katika nchi za Ulaya mtu akiletewa bidhaa anaweza kukaa nayo bila kulipa. Ni kweli kwamba mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2011 kuhusu haki za walaji unamlinda mtu aliyepelekewa bidhaa ambayo hakuiagiza, kisha akadaiwa bei yake. Shabaha yake ni kuwazuia wafanyabiashara wajanja wanaowalazimisha watu kununua. Sisi tuliagiza wenyewe, tukataja idadi na anwani. Kinga ile haituhusu.

3. Visingizio tunavyojipa

Tuvitazame kimoja kimoja, kwa sababu kisingizio kisichochunguzwa huzoeleka hadi kikafanana na hoja.

“Alirudisha fedha kwa hiari yake.” Ndiyo, lakini alirudisha kwa sababu tulimwambia mzigo haukufika. Maneno yale yalikuwa kweli mwezi wa Aprili. Mwezi wa Julai hayakuwa kweli tena. Mtu aliyesema neno la kweli, kisha neno hilo likageuka, ana wajibu wa kwenda kulisahihisha kwa yule aliyelitegemea. Akinyamaza, ukweli wake wa jana unakuwa uongo wa leo.

“Kosa si letu, ni la posta.” Kwetu hata hilo halikuwa kweli. Lakini tuseme posta ndiyo iliyokosea. Deni halizaliwi na kosa peke yake. Mwenye duka akikuzidishia chenji ya shilingi 10,000, kosa ni lake, lakini noti ile haiwi yako kwa sababu alikuwa amechoka. Tena tuwe na kiasi tunapoilaumu posta. Kifurushi cha kutoka ng’ambo hupita mikono mingi: posta ya huko, uwanja wa ndege, forodha, kituo cha kuchambulia, hadi sanduku lako. Mwaka 2020 ndege za abiria ziliposimama kwa sababu ya UVIKO-19, vifurushi vingi duniani vilikwama, kwa kuwa sehemu kubwa ya barua na vifurushi husafiri katika ndege hizo hizo. Kuchelewa si kupotea.

“Yule ni tajiri.” Tunajuaje? Nyuma ya duka la mtandaoni anaweza kuwepo kijana mmoja chumbani kwake, au mama anayeuza shanga, kama sisi tunavyouza mashuka. Hebu tuhesabu hasara yake: ametoa mali, amelipa posta, amerudisha fedha, na mara nyingine amekatwa ada na mwenye soko la mtandaoni. Iwapo mnunuzi alidai kupitia benki yake na benki ikamnyang’anya muuzaji malipo, huenda akatozwa na gharama ya shauri lenyewe. Na hata angekuwa tajiri, haki haipimi mfuko wa mtu kabla ya kumpa kilicho chake. Sisi tunaodai kila siku kwamba maskini asinyimwe haki kwa sababu ya umaskini wake, hatuwezi kumnyima mwingine haki kwa sababu ya utajiri wake.

“Ni fidia ya usumbufu.” Inawezekana kabisa kwamba kuchelewa kumekutia hasara. Basi iseme hasara hiyo waziwazi, mjadiliane juu yake. Mtu anayejilipa mwenyewe kwa siri amejifanya mdai, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja.

“Hatajua.” Hiki ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na ndicho kinachotuonesha tulivyo. Wahenga walituachia neno: mla cha mwenzie na chake huliwa. Hatulisemi ili kuwatisha. Tunalisema kwa kuwa kila anayekaa kimya namna hii anaongeza kutoaminiana sokoni, na gharama yake hulipwa na mnunuzi mwingine, ambaye ni mwaminifu, na ambaye hataaminiwa tena.

4. Hatua za kufuata

Ndugu wapendwa, kukubali wajibu ni jambo moja, kujua namna ya kuutimiza ni jambo jingine. Tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, hakikisha ni mzigo upi. Huenda muuzaji aliwahi kutuma mwingine badala ya ule wa kwanza. Tazama tarehe ya muhuri na namba ya kufuatilia kama ipo. Namba ya posta ya kimataifa huwa na herufi na tarakimu 13: herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi ulikotumwa, kwa mfano GB kwa Uingereza, au TZ kwa nchi yetu.

Pili, usitumie kitu hicho kabla ya kukubaliana. Kikiwezekana kisifunguliwe. Kwa wakati huo wewe ni mtunzaji wa mali ya mtu, na mtunzaji haivai nguo aliyopewa kutunza.

Tatu, mwarifu muuzaji mapema na kwa maandishi, kupitia njia ile ile mliyowasiliana mwanzo. Taja namba ya agizo, siku fedha iliporudishwa na siku mzigo ulipofika. Weka na picha.

Nne, mpe nafasi ya kuchagua: umlipe bei, au umrudishie mali. Kama bado unakihitaji kitu, kulipa ndiyo njia fupi. Kama hakina faida tena, tuseme ni kitambaa cha harusi iliyokwisha kufungwa, hulazimiki kununua. Unachowajibika nacho ni kukitunza kwa muda wa kutosha na kukirudisha. Gharama ya kurudisha ibebwe na aliyesababisha. Kama anwani uliikosea wewe, gharama ni yako. Kama hukukosa lolote, ni haki muuzaji agharimie. Mara nyingi atakuta nauli inazidi thamani ya mali na kukuambia ukae nacho. Hapo kimekuwa zawadi halali, na dhamiri yako ni safi. Tofauti kati ya kupewa na kujipa ni kubwa.

Tano, jua unamdai nani na unadaiwa na nani. Pengine fedha uliyorudishiwa haikutoka kwa muuzaji, ilitoka katika mfuko wa soko la mtandaoni au wa kampuni ya malipo. Uliza, kisha lipa aliyepoteza.

Sita, jihadhari na matapeli. Usipeleke fedha kwa namba au akaunti ngeni kwa sababu tu umepata ujumbe unaojitambulisha kuwa ni muuzaji. Fuata njia rasmi na tunza risiti. Uaminifu haumtaki mtu awe mjinga.

Saba, muuzaji asipojibu, mwandikie tena, ukiacha muda kati ya barua na barua. Fedha iweke kando. Duka likiwa limefungwa na mwenyewe hapatikani kwa njia yoyote, mafundisho ya zamani juu ya mali ya mtu asiyejulikana alipo yanatuelekeza kuitoa kwa maskini. Lakini njia hiyo ni ya mwisho. Asiikimbilie yule ambaye hakuandika hata barua moja.

5. Haki ya mnunuzi nayo isisahauliwe

Tusije tukaeleweka vibaya. Kudai fedha ya mzigo usiofika si dhambi, wala si ukosefu wa uvumilivu. Ni haki. Tena ina muda wake. Huduma ya malipo ya PayPal, kwa mfano, humpa mnunuzi siku 180 tangu alipolipa kufungua lalamiko lake. Anayesubiri bila kikomo kwa kumwonea muuzaji haya anaweza kujikuta amechelewa.

Tunachosisitiza ni kwamba adaiye adai kwa ukweli. Kabla ya kuandika kwamba mzigo haukufika, fungua sanduku, ulizia kaunta ya posta, waulize wa nyumbani na majirani, na tazama upya anwani uliyoiandika. Laiti sisi tungeifanya hiyo ya mwisho mwezi Machi, tusingemtia mwenzetu hasara wala kupoteza miezi sita ya kazi.

6. Tulivyomaliza

Tulimwandikia muuzaji siku ya tatu baada ya mkutano. Tulikiri kwamba namba ya sanduku tuliikosea sisi, na kwamba tutalipa paundi zote 46, pamoja na zile za usafirishaji. Fedha yenyewe hatukuwa nayo tena. Kwa bei ya wakati ule ilikuwa kama shilingi 140,000, hivyo kila mwanachama alitoa shilingi 10,000. Kwa wengine lilikuwa jambo la majuma matatu. Mmoja aliuza kuku. Hatukumsikia hata mmoja akilalamika waziwazi, ingawa tunajua kwamba wawili waliona tumejitesa bure.

Muuzaji alijibu kwa kifupi. Alitushukuru, akasema kwamba vifurushi vyake kadhaa vya nchi za mbali vilikuwa vimepotea na alikuwa ameamua kutovituma tena huko. Kwetu atatuma, ila kwa rejesta, na gharama ya rejesta iwe juu yetu. Tuliona ni haki. Hakutusifu kupita kiasi, nasi hatukutegemea sifa. Aliyelipa deni hakufanya jambo la ajabu. Dawa ya deni ni kulipa.

Cherehani zinafanya kazi. Mteja wa Mwanza hatujamsikia hadi leo. Tumeacha kumwita mwizi, kwa kuwa sasa tunajua jinsi mtu anavyoweza kufika mahali pale bila kuvunja mlango wa mtu, kwa kunyamaza tu siku moja baada ya nyingine. Fedha yetu bado tunaitaka. Lakini tungependa zaidi apige simu.

Ndugu wapendwa, amani tunayoihubiri hujengwa na mikataba midogo inayotimizwa na watu wasioonana. Tuwafundishe hivyo watoto wetu wanaoshika simu, nasi tuwe wa kwanza kutenda.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Je, kuna mali au fedha ya mtu iliyobaki mikononi mwetu kwa sababu tu mwenyewe hajui? Tufanye nini juma hili?

2. Wanaouza kwa simu katika Jumuiya yetu wanapata hasara gani kutokana na wanunuzi wasio wakweli? Na wanunuzi je, wanaumizwa vipi?

3. Mwanachama maskini akirudishiwa fedha kisha akaitumia kabla mzigo kufika, Jumuiya imsaidie namna gani kulipa bila kumwaibisha?